Kupanda Farasi na Punda katika Hadithi za Kuchekesha za Mashujaa: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi

Hadithi ya kuchekesha ya shujaa mpanda farasi na mchukua silaha wake husimama juu ya miguu minane: minne ya farasi wa bwana na minne ya punda wa mtumishi. Mwandishi akiijua miguu hiyo vyema, kicheko huja chenyewe. Asipoijua, atajaza kurasa kwa mizaha ya maneno na msomaji atachoka kabla ya sura ya pili. Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kuandika hadithi ya aina hiyo, na mfano nitakaourejea ni mmoja tu, riwaya ya Don Quixote ya Miguel de Cervantes, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa Madrid mwaka 1605 na ya pili mwaka 1615. Nimeichagua kwa sababu karibu kila namna ya kupanda, kushuka, kuanguka na kubebwa imo ndani yake.

Jambo moja liwe mbele ya macho ya mwandishi tangu mwanzo: mnyama hajui kwamba yumo katika hadithi ya ushujaa. Bwana ananena habari za heshima na falme, na farasi aliye chini yake anawaza majani, uchovu na kidonda cha mgongoni. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: mchague mnyama kwa kuangalia mfuko wa mwenye kumpanda

Katika hadithi za ushujaa zilizosomwa sana Hispania katika karne ya 16, shujaa ana farasi mzuri na hakuna anayeuliza ni nani aliyelipia shayiri. Hadithi ya kuchekesha huuliza. Cervantes anatueleza katika ukurasa wa kwanza kabisa kwamba bwana wake wa La Mancha, eneo la Hispania, ambaye atajiita shujaa Don Quixote, hutumia robo tatu ya mapato yake kwa chakula cha kawaida cha nyumbani, na baada ya hapo hatushangai kumkuta farasi aliyebaki ngozi na mifupa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika rangi ya farasi wako, andika pembeni mwenyewe anakula nini, analala wapi, na mnyama huyo alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuitwa vitani.

Kisha mpe jina, au umnyime. Don Quixote anatumia siku nne nzima kumtafutia farasi wake jina, akaishia kwenye Rocinante, lililoungwa kutokana na neno la Kihispania la farasi duni wa kazi pamoja na neno lenye maana ya kabla au mbele, ili jina lenyewe litangaze kwamba huyu zamani alikuwa farasi duni na sasa amewatangulia farasi duni wote. Punda wa Sancho Panza, mtumishi na mchukua silaha wake, kinyume chake, hana jina la kubuniwa. Anaitwa kwa rangi yake tu, yule wa kijivu. Tofauti hiyo inatueleza zaidi habari za wapandaji hao wawili kuliko maelezo marefu ya tabia zao: mmoja anaishi ndani ya majina, mwingine anaishi na mnyama aliye mbele yake.

Usisahau kuhalalisha tofauti ya wanyama hao ndani ya hadithi yenyewe. Sancho anaposema kwamba atakuja na punda wake kwa kuwa hakuzoea kwenda mwendo mrefu kwa miguu, bwana wake anasita, anapekua kumbukumbu yake yote akitafuta kama yuko shujaa yeyote aliyewahi kuwa na mchukua silaha aliyepanda punda, hampati hata mmoja, na bado anakubali, akijiahidi kwamba atamnyang'anya farasi shujaa wa kwanza asiye na adabu atakayekutana naye ili ampe mtumishi wake. Msomaji amechekeshwa, na papo hapo amepewa ahadi ya kuifuatilia.

Angalia pia urefu. Punda wa kawaida hufika takriban mita 1 hadi 1.2 mabegani, na farasi wa kupandwa mita 1.4 hadi 1.6. Wawili hao wakienda sambamba, goti la bwana huwa karibu na kiwiko cha mtumishi, na mtumishi hulazimika kuinua uso kila anapojibu. Msomaji akiona picha hiyo mara moja, huna haja ya kumkumbusha kila mara nani ni mkubwa na nani ni mdogo.

Hatua ya pili: vijue vifaa na mpangilio wa kupanda

Hapa ndipo waandishi wengi wa lugha yetu hukwama, kwa sababu wengi wetu hatukukua karibu na farasi. Punda, hata hivyo, hayuko mbali. Anayeweza kufika Lamu na atazame jinsi punda wanavyopita na mizigo katika vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa shida, na akibahatika kufika wakati wa sherehe za Maulidi atazame mashindano ya kupanda punda kando ya bahari. Atajifunza kwa nusu saa mambo ambayo kamusi haitampa: masikio yanavyogeuka kabla ya mwili kugeuka, na namna punda anavyosimama ghafla anapoona jambo asiloliamini. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama na kuchunguza. Watu huita ukaidi, lakini ni tahadhari, na mwandishi akilijua hilo anapata matukio mawili tofauti kutokana na kishindo kimoja: bwana anachukuliwa hadi upande wa pili wa bonde ilhali mtumishi amebaki pale pale, akimpiga punda visigino bila kusogea hata hatua.

Vifaa vyenyewe si vingi. Farasi huwekewa tandiko mgongoni, likafungwa kwa mkanda unaopita chini ya tumbo. Kwenye tandiko huning'inia vikuku viwili, yaani vile vyuma vya kutia miguu. Kinywani kuna lijamu, na kutoka kwenye lijamu hutoka hatamu hadi mikononi mwa mpandaji. Punda wa mchukua silaha huwa na tandiko la mizigo, pana na lililojazwa majani makavu, na juu yake shogi au mifuko iliyotundikwa pande mbili, ikiwa na mkate, jibini na kiriba cha mvinyo. Sancho hukaa juu ya punda wake kama mzee wa ukoo, akila na kunywa taratibu nyuma ya bwana wake, na ukaaji huo unawezekana kwa sababu tandiko la mizigo humruhusu mtu kustarehe, jambo ambalo tandiko la vita halimruhusu.

Kupanda kunafuata mpangilio huu. Kwanza mkanda wa tumbo hukazwa, kisha hukazwa tena baada ya muda mfupi, kwa maana farasi wengi hujaza tumbo wakati wa kufungwa na tandiko hulegea wanapopumua. Mpandaji husimama upande wa kushoto wa mnyama, desturi inayofaa kwa mtu mwenye upanga ubavuni kushoto, maana akipandia upande wa kulia upanga humkwama kati ya miguu. Hushika hatamu kwa mkono wa kushoto, hutia mguu wa kushoto katika kikuku, hujiinua, hupitisha mguu wa kulia juu ya mgongo, na hukaa polepole bila kujibwaga. Wakati huo mtumishi husimama upande wa pili akikivuta chini kikuku cha kulia. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayozuia tandiko lisizunguke kuelekea upande wenye uzito.

Kuhusu silaha za chuma, ondoa kichwani picha ya shujaa anayeinuliwa kwa winchi. Vazi kamili la chuma la vitani lilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi, uliosambazwa mwili mzima, na mtu aliyezoea aliweza kupanda farasi mwenyewe. Ukitaka shujaa wako ashindwe kupanda, mpe sababu iliyo yake. Cervantes hakilaumu chuma. Anamvisha mzee wa karibu miaka hamsini silaha za mababu zake zilizooza kwa kutu, na kofia aliyoikamilisha mwenyewe kwa karatasi ngumu na kuifunga kwa utepe wa kijani. Wanawake wa nyumba ya wageni wanashindwa kuufungua utepe huo, naye hakubali ukatwe, hivyo analala na kofia kichwani na kunyweshwa mvinyo kwa mrija wa mwanzi.

Hatua ya tatu: andika kupanda na kushuka kama tukio kamili

Kati ya matukio yote ya riwaya hiyo, ninalolihesabu kuwa somo bora zaidi la ufundi huu linapatikana katika sura ya 30 ya sehemu ya pili, ambapo hakuna vita wala adui. Don Quixote amekutana na mtawala wa kifahari pamoja na mkewe walio katika uwindaji, na anataka kushuka kwa heshima ili awasalimu. Sancho anaharakisha kushuka kwa punda ili akamshikie bwana wake kikuku, kama ilivyo desturi, lakini mguu wake unanasa katika kamba ya tandiko la mizigo, akabaki amening'inia, uso na kifua vikiwa chini. Don Quixote hakumwona. Amezoea kwamba kikuku kinashikwa, na akiamini kwamba Sancho yupo mahali pake, anauachilia mwili wake wote ushuke kwa mpigo mmoja, na tandiko, ambalo mkanda wake haukukazwa vizuri, linakuja naye hadi ardhini.

Litazame tukio hilo kama fundi anavyotazama bawaba. Hakuna kilichotokea kwa bahati tu: mkanda uliolegea, desturi ya kushikiwa kikuku, utiifu wa mtumishi na kamba ya tandiko vyote ni vya kweli, na kila kimoja kimefanya kazi yake. Kinachochekesha ni kwamba wote wawili wameanguka kwa sababu kila mmoja alitimiza wajibu wake. Kwa hiyo, unapoandika tukio lako, tafuta kwanza desturi sahihi ya kupanda au kushuka, kisha toa kitu kimoja tu mahali pake, nacho kiwe kidogo. Ukitoa vitu vitatu, msomaji ataona mkono wako ukisukuma.

Hatua ya nne: pima mwendo, kwa maana mwendo ndio unaoamua nani aseme

Farasi ana hatua za aina nne, na kila moja ina sauti yake. Akitembea, kwato hugusa ardhi moja baada ya nyingine, mapigo manne yaliyo sawa. Akienda mchakamchaka hugonga mapigo mawili, na mpandaji asiyezoea hurushwa juu na chini hadi meno yagongane. Mwendo wa kuruka wa wastani una mapigo matatu, na mbio kamili hurudi kwenye mapigo manne ya haraka. Mazungumzo marefu ya bwana na mtumishi yanawezekana katika mwendo wa kutembea tu. Katika mchakamchaka mtu husema maneno machache yaliyokatika, na katika mbio hupiga kelele au hunyamaza. Nimesoma miswada ambayo shujaa anahutubia kwa sentensi tano huku farasi akikimbia kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo niliacha kuamini.

Tofauti ya kasi kati ya wanyama wawili ni hazina. Katika kisa maarufu cha vinu vya upepo, Don Quixote, akiviona vinu kuwa majitu, anamchoma Rocinante kwa visigino na kuondoka. Sancho anapaza sauti nyuma yake kwamba hayo si majitu. Upepo unalizungusha panga la kinu, mkuki unavunjika vipande vipande, na farasi na mpandaji wanavingirika uwandani. Ndipo Sancho anafika kusaidia, kwa kasi yote ya punda wake. Muda ule wa punda kufika ni muda wa msomaji kucheka na kuingiwa na huruma, na mwandishi asiukatize kwa kumfikisha mtumishi mapema mno. Kumbuka pia kwamba anguko lina gharama. Baada ya vinu hivyo bega la Rocinante limetetereka, na safari inaendelea na farasi mwenye kuchechemea. Mnyama anayeanguka sura ya tatu na kuruka uzio sura ya nne bila maelezo ni kinyago cha mbao.

Na kwa kuwa Rocinante ni mzito wa mwendo, mbio zake zihesabiwe. Anapomkabili Shujaa wa Vioo katika sehemu ya pili, msimulizi anatamka kwamba hiyo ndiyo mara pekee alipojulikana kukimbia kwa kweli, maana mara nyingine zote ulikuwa mchakamchaka mtupu. Mwandishi anayeitunza nguvu ya mnyama kwa kurasa mia kadhaa anaweza kuitumia mara moja na ikatikisa kitabu kizima.

Hatua ya tano: mpe mnyama haja yake mwenyewe

Farasi na punda wasiwe viti vyenye miguu. Rocinante, anayesifiwa kwa upole, anawaona farasi majike wa wachukuzi wa mizigo wakilisha bondeni na kuamua kwenda kuwatembelea. Wanampokea kwa mateke na meno, wenye majike wanakuja na fimbo, na mwisho bwana, mtumishi na farasi wote wamelala chini. Usiku mwingine Don Quixote amesimama wima juu ya tandiko ili mkono wake ufike kwenye tundu la ukuta wa nyumba ya wageni, wanawake wawili wakamfunga kifundo cha mkono kwa kamba na kuondoka. Anakaa hivyo kwa muda mrefu bila kuthubutu kujongea, akitegemea utulivu wa farasi wake. Alfajiri wanakuja wapanda farasi wengine, mmoja wa wanyama wao anamnusa Rocinante, naye anageuka kumnusa. Kujongea huko kidogo kunatosha: miguu ya bwana inateleza kutoka kwenye tandiko na mwili wote unaning'inia kwa mkono mmoja, ncha za vidole vya miguu zikiigusa ardhi bila nyayo kuweza kuikanyaga.

Haja ya mnyama inaweza pia kutumiwa na mtu mwerevu. Sancho, akiogopa kubaki peke yake gizani karibu na kishindo asichokijua, anaifunga miguu ya Rocinante kwa kamba ya punda wake, na bwana anapotaka kuondoka farasi anaweza kurukaruka tu mahali pamoja. Don Quixote anaamini kwamba mbingu haijataka aende. Msomaji anajua kamba iko wapi.

Hatua ya sita: badilisha vipando ili heshima ijaribiwe

Namna mtu anavyobebwa ni tangazo la hadhi yake, nayo hubadilika mara anapohamishwa. Mwishoni mwa safari yake ya kwanza, akiwa amepigwa hadi hawezi kusimama, Don Quixote anarudishwa kijijini juu ya punda wa jirani, na jirani huyo mwema anasubiri giza liingie ili watu wasimwone bwana yule juu ya kipando kibaya namna hiyo. Mara nyingine anapolazwa juu ya punda wa Sancho, anajitetea kwamba hata mlezi wa mungu wa furaha wa Wagiriki aliingia mjini juu ya punda. Sancho anajibu kwamba huenda ni kweli, lakini iko tofauti kubwa kati ya kumpanda mnyama na kulazwa juu yake kama gunia la taka. Mwandishi anayetaka tukio la aina hii aulize maswali mawili: mpandaji anatumia neno gani kuifunika aibu yake, na ni nani aliye karibu wa kuligusa neno hilo?

Farasi wa mbao wa sehemu ya pili anaihitimisha hoja hiyo. Bwana na mtumishi wamefungwa macho, wamekalishwa juu ya farasi mwenye kigingi kwenye paji la uso, na kuambiwa kwamba wanapaa angani. Watu wanawapulizia upepo kwa mivukuto na kuwakaribishia moto usoni, na mwisho fataki zilizo ndani ya farasi zinalipuka na kuwatupa bustanini. Hata hapo Cervantes hasahau ukaaji: hakuna vikuku, kwa hiyo miguu ya Don Quixote inaning'inia wima, na Sancho, aliyelalamika kwamba mbao zinamuumiza, anakaa upande kama wanawake walivyokuwa wakikaa.

Hatua ya saba: weka daftari la wanyama

Andika kwa kila sura mnyama yuko wapi, amefungwa wapi, amekula lini, ana tandiko lipi na ameumia wapi. Ushauri huu si wa kimasomaso. Katika toleo la kwanza la mwaka 1605, punda wa Sancho anatajwa kuwa ameibiwa ilhali msomaji hakuonyeshwa wizi wowote, na baadaye anaonekana tena kana kwamba hakupotea. Toleo la pili la mwaka huohuo liliongeza kipande cha kuelezea wizi. Miaka kumi baadaye, katika sehemu ya pili, Cervantes aliligeuza kosa lenyewe kuwa kicheko: Sancho anaeleza kwamba alikuwa amesinzia juu ya punda, mwizi akaliegemeza tandiko juu ya miti minne na kumtoa punda chini yake, na yeye hakujua hadi alipojinyoosha asubuhi na miti ikaanguka. Ni marekebisho mazuri sana, lakini mwandishi asiyategemee. Ni heri daftari.

Hatua ya nane: mpende mnyama mbele ya msomaji

Tuna methali mbili zinazomhukumu punda: moja husema shukrani ya punda ni mateke, nyingine husema punda afe lakini mzigo wa bwana ufike. Hadithi ya kuchekesha ikisimama juu ya methali hizo peke yake huwa katili, na kicheko chake hukauka. Mtumishi anayempiga punda wake kila ukurasa humchosha msomaji; mtumishi anayezungumza naye humfanya msomaji asikilize. Sancho anapoacha ugavana aliopewa na yule mtawala, anakwenda kwanza zizini, anamkumbatia punda, anambusu kwenye paji la uso na kulia. Sancho na punda wake wanapotumbukia shimoni, bwana anaitambua sauti ya punda ikilia chini ya ardhi na kusema kwamba anaijua kana kwamba amemzaa yeye. Wanyama wenyewe hupendana: jioni Rocinante huiweka shingo yake juu ya shingo ya punda, ikazidi upande wa pili kwa zaidi ya nusu yadi, nao hukaa hivyo wakitazama chini hadi njaa iwatenganishe.

Kwa hiyo panga mapema namna wanyama watakavyofika mwisho wa safari, kama unavyopanga mwisho wa watu. Cervantes alilipanga hilo. Sancho anamrudisha punda wake kijijini akiwa amefunikwa joho jeusi lililochorwa ndimi za moto na kuvikwa kichwani kofia ndefu ya waliohukumiwa, mavazi waliyoyapata kwenye jumba la mtawala. Watoto, ambao hawakosi kuona, wanaitana kutoka kila upande waje wamtazame punda wa Sancho Panza aliyependeza kuliko wote, na farasi wa Don Quixote aliyekonda leo kuliko siku alipoondoka.